Nadharia ya Kweli Haikimbii Mizani

Msomaji, yako maneno matamu yanayozunguka siku hizi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora. Hayatoki darasani wala kitabuni. Hutoka katika simu ya mkononi, kinywani mwa mtu mwenye sauti ya yakini na picha za nyota nyuma yake, kisha hurudiwa kwa kinyozi, katika matatu na kwenye ngazi za nyumba za ghorofa. Mtu huyo husema kwamba wataalamu wamepotea kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Husema kwamba nguvu ya mvutano inayoangusha embe, wakati unaokwenda polepole mahali hapa na upesi mahali pale, na ulimwengu unaopanuka, si mambo matatu bali ni jambo moja, na kwamba siri ya umoja huo imefunuliwa kwake peke yake. Mwisho hutangaza ya kuwa Einstein amepinduliwa.

Siandiki kuzipinga nadharia mpya. Elimu isiyopokea nadharia mpya ni kama maji yaliyosahauliwa mtungini, huharibika. Ninachopinga ni tabia ya kudai heshima ya nadharia bila ya kulipa ada yake. Ada hiyo ni moja tu: kutaja tarakimu inayoweza kupimwa, na kukubali kushindwa ikiwa kipimo kitaikataa. Asiyelipa ada hiyo hana nadharia, ana maneno.

Napinga vile vile tabia ya pili, ambayo ni dada wa hiyo ya kwanza. Ni tabia ya wale wanaocheka kila swali kubwa likitoka katika mtaa wa watu wa kazi, wakisema kwamba mvutano na nyota ni shughuli za watu wa Ulaya na Marekani. Mtu wa kwanza hukutaka uamini bila ya kupima; wa pili hukuzuia usipime. Wote wawili hukunyang'anya mizani ile ile.

Tuanze kwa kulijua jambo lenyewe, maana hakimu hawezi kukata kesi asiyoisikiliza.

Mvutano na wakati haviko mbali nawe. Nairobi imekaa juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,600, nayo Mombasa imo pwani. Kadiri saa inavyopandishwa juu, mbali na kitovu cha dunia, ndivyo inavyokwenda upesi zaidi. Kwa hiyo saa iliyo Nairobi huitangulia saa iliyo Mombasa. Tofauti hiyo ni ndogo mno: yapata miaka 180,000 itapita kabla haijafika sekunde 1. Lakini udogo si utovu. Mwaka 1960 Robert Pound na Glen Rebka, wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, waliipima tofauti ya namna hiyo baina ya chini na juu ya mnara wa mita kama 22. Kimo hicho hakizidi cha nyumba za ghorofa saba au nane zilizosongamana Pipeline. Mwaka 2010 wapimaji wengine wa Marekani waliiona katika saa mbili zilizopishana kwa sentimita 33 tu, yaani kiasi cha vidato viwili vya ngazi. Basi mama aishiye ghorofa ya saba huzeeka upesi kidogo kuliko jirani yake wa chini, ingawa hakuna kioo kitakachomwonyesha.

Ikiwa wadhani kwamba jambo dogo kama hili halina kazi, mtazame mwendesha bodaboda anayemfuata abiria kwa kuongozwa na simu. Setilaiti zinazoiongoza simu hiyo huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita kama 20,200. Kwa kuwa ziko juu, saa zake hutangulia zetu kwa sehemu 45 za milioni ya sekunde kila siku. Kwa kuwa zinakwenda mbio, huchelewa kwa sehemu 7. Salio ni sehemu 38. Lau salio hilo lisingerekebishwa, kipimo cha umbali baina ya setilaiti na simu kingepotoka kwa kilomita zaidi ya 10 kwa siku, na abiria wa Umoja angetafutwa mahali asipokuwapo.

Jambo la tatu ni upanuzi. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, na mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani, walionyesha kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili letu, huachana; na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda mbio zaidi. Nuru itokayo huko hutufikia mawimbi yake yakiwa yamerefuka, na rangi yake imeelekea nyekundu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu wa simu anapoanza kukudanganya. Mambo haya matatu yamefungwa pamoja tangu zamani. Einstein aliyafunga kwa nadharia aliyoikamilisha Novemba 1915, na Alexander Friedmann wa Urusi alionyesha mwaka 1922 kwamba hesabu za nadharia hiyo huruhusu ulimwengu unaopanuka. Mtu atakayekuambia leo kwamba amegundua ya kuwa mvutano, wakati na upanuzi ni ndugu, amegundua harusi ya babu yake. Lililobaki si kusema kwamba yamefungwa, bali kuonyesha kwamba yamefungwa kwa fundo jingine, na kutaja mahali ambapo fundo hilo litaleta tarakimu tofauti na ile ya Einstein. Mahali hapo pasipotajwa, maneno yote mengine ni kelele ya utingo anayeita abiria kwamba gari limejaa, ilhali ndani amekaa dereva peke yake.

Labda utaniuliza: tarakimu moja yaweza kweli kuamua kesi kubwa kama hiyo? Naam, yaweza, na iliwahi kuamua hapa Afrika. Kabla ya mwaka 1919 kulikuwa na maoni matatu juu ya nuru ya nyota ipitayo karibu na jua. Gunnar Nordström wa Finland alikuwa na nadharia nzuri ya mvutano, ambayo Einstein mwenyewe aliistahi. Kwa nadharia hiyo nuru haipindi hata kidogo. Kwa hesabu ya kale iliyotokana na Newton, nuru hupinda kwa 0.87. Kwa hesabu ya Einstein hupinda kwa 1.75. Kipimo ni sekunde ya pembe, nayo hupatikana nyuzi 1 ikigawanywa sehemu 3,600. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, na kwa dakika chache nyota zilizo kando yake zikaonekana. Arthur Eddington wa Uingereza alikuwa katika kisiwa cha Principe, ng'ambo ya magharibi ya bara letu. Wenzake walikuwa Sobral nchini Brazil. Picha za Principe zilitoa 1.61, na zile bora za Sobral zilitoa 1.98. Sifuri ilikataliwa, 0.87 ikakataliwa, na 1.75 ikabaki imesimama.

Angalia adabu ya shauri hilo. Hakuna aliyeuliza ni nani kati ya watatu aliye na sauti nzuri. Hakuna aliyehesabu wafuasi. Kila mmoja aliweka tarakimu yake mezani kabla ya siku ya kipimo, na mbingu ikachagua. Nordström alishindwa, lakini jina lake latajwa hadi leo kwa heshima, kwa sababu aliingia uwanjani bila ya kujificha.

Sikiliza kesi ya pili, ambayo inafanana zaidi na maneno ya mtu wa simu. Mwaka 1929, mwaka ule ule wa Hubble, Fritz Zwicky, mtaalamu wa asili ya Uswisi aliyefanya kazi California, alisema kwamba yamkini ulimwengu haupanuki. Nuru, alisema, huchoka njiani: mvutano wa vitu inavyovipita huipunguzia nguvu kidogo kidogo, hata ikatufikia imekuwa nyekundu. Wazo hili lilikuwa zuri. Lilieleza kwa mvutano kile ambacho wengine walikiita upanuzi, na halikuongeza kitu kipya mbinguni. Lau uzuri ungetosha kulifanya wazo kuwa kweli, hili lingekuwa kweli.

Lakini wazo la Zwicky lilikuwa na mahali pa kupimwa. Ziko nyota ambazo hulipuka, nazo huwaka na kufifia kwa muda unaojulikana. Wataalamu huziita supanova. Ikiwa nuru imechoka tu, rangi ya mlipuko itabadilika, bali mlipuko wa siku 20 utaonekana kwa siku 20. Ikiwa ulimwengu unapanuka, muda wenyewe utarefuka pamoja na mawimbi: mawimbi yakitufikia yamerefuka mara mbili, mlipuko wa siku 20 utaonekana kwa siku 40. Hapo hapana njia ya kati. Katika miaka ya 1990 darubini zilianza kupima milipuko ya mbali, na muda ukaonekana umerefuka kama upanuzi ulivyotaka. Mwaka 2024 hesabu ya supanova zaidi ya 1,500 ilitoa jibu lile lile. Wazo la nuru iliyochoka likaondolewa. Zwicky hakupungukiwa na heshima kwa hilo, kwani mtu yule yule ndiye aliyeonyesha mwaka 1933 kwamba kundi la galaksi liitwalo Coma lina mvutano mwingi kuliko unaoweza kutoka katika nyota zake zinazoonekana. Swali hilo halijapata jibu kamili mpaka leo.

Huenda ukasema kwamba nakuonyesha walioshindwa tu ili nikutishe. La hasha. Yuko mpinzani aliye hai, na kesi yake bado inaendelea. Mwaka 1998 wapimaji wa supanova walisema kwamba upanuzi wa ulimwengu unazidi mwendo, na kisababishi kisichojulikana kikaitwa nishati ya giza. Tangu mwaka 2007 David Wiltshire, wa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand, anashikilia kwamba nishati hiyo haipo. Asema kwamba ulimwengu haukutandazwa sawasawa: galaksi zimejipanga kama kuta za povu, na baina ya kuta hizo yako mapengo makubwa yaliyo karibu kuwa matupu. Penye galaksi mvutano huzichelewesha saa. Katika mapengo saa huenda upesi. Kwa hesabu yake, saa iliyo katika galaksi yetu huenda polepole kwa asilimia 35 hivi kuliko saa iliyo ndani ya mapengo hayo. Basi kule kuzidi mwendo tunakokuona, kwa maoni yake, ni kosa la kupima kwa saa moja mahali penye saa nyingi.

Tazama: mvutano, wakati na upanuzi, vyote vitatu vimo, navyo vimefungwa kwa fundo jingine. Hii ndiyo nadharia ambayo mtu wa simu angependa kuwa nayo. Desemba 2024 Wiltshire na wenzake walichapisha hesabu za supanova ambazo, kwa maoni yao, zaikubali nadharia yao kuliko ile ya kawaida. Wataalamu wengi hawajaridhika, na wanazo sababu zao. Yeye hakuwaita waongo, wala hakusema kwamba wamefanya njama juu yake. Amesema ni vipimo vipi vinavyoweza kukata shauri, na vingine vyaweza kutoka katika darubini ya Euclid, iliyorushwa na shirika la anga la Ulaya Julai 2023. Akishinda, tutabadilisha vitabu. Akishindwa, atakaa safu moja na Nordström na Zwicky, nayo si safu ya aibu.

Sasa linganisha. Mmoja amefanya hesabu kwa miaka mingi, ametaja asilimia, ametaja darubini, na anangoja hukumu. Mwingine ana picha za nyota na sauti ya yakini. Wahenga walisema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nami naongeza kwamba debe hilo laweza kuvuma juu ya nyota vile vile, na bado likawa tupu.

Mtu wa simu hakosi majibu, na ni haki tuyasikilize. Jibu lake la kwanza ni kwamba Einstein naye alikuwa karani tu. Ni kweli kwamba mwaka 1905 alifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern. Lakini karani huyo alikuwa amehitimu chuo cha ufundi cha Zurich, alijua kazi ya waliomtangulia, na kila alilolisema alilichapisha pamoja na hesabu zake ili yeyote azikague. Mwaka 1915 alikuta sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, ikipotoka katika njia yake kwa sekunde 43 za pembe katika kila miaka 100, na wataalamu wakiwa wameshindwa kueleza sababu kwa zaidi ya nusu karne. Hesabu yake ikatoa 43. Ukarani haukumfikisha hapo. Alifikishwa na 43. Anayejifananisha naye kwa umaskini wa cheo, na ajifananishe naye pia kwa utajiri wa hesabu.

Jibu lake la pili ni kwamba Galileo alipingwa. Kweli, alipingwa. Lakini mwaka 1610 alitangaza kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi minne, na yeyote mwenye darubini aliweza kuitazama usiku. Watu waliopingwa ni wengi sana duniani, na walio wengi kati yao walikuwa wamekosea. Kupingwa si cheti.

Jibu lake la tatu ndilo linalonikasirisha zaidi, maana limevikwa nguo ya utetezi wa maskini. Asema kwamba hisabati ni ukuta uliojengwa na wasomi ili watu wa chini wasiingie. Kinyume cha hayo ndiyo kweli. Mlango wa ukoo una bawabu, mlango wa fedha una bawabu, na mlango wa lugha nzuri una bawabu. Mlango wa hesabu hauna. Mchuuzi wa Muthurwa akijumlisha sawasawa, hata profesa hawezi kumkanusha. Na profesa akikosea, mchuuzi aweza kumsahihisha mbele ya watu wote. Anayekuambia uiache hesabu kwa sababu wewe ni mtoto wa Eastlands amekufungia mlango wa pekee usiokuuliza jina la baba yako.

Nenda Kariobangi, penye karakana za mafundi wa chuma. Fundi akikubali kazi ya lango, huchukua utepe na kupima nafasi kabla ya kukata chuma hata kimoja. Lango likiletwa likawa pungufu kwa inchi mbili, mwenye nyumba halipi, hata fundi awe na ufasaha wa kumliza. Watu wa mtaa wanaijua sheria hii katika chuma, katika nguo na katika mizani ya nyama. Kwa nini waisahau inapohusu nyota?

Nigeukie sasa kundi la pili, la wacheka. Hawa huuliza, mvutano na mashimo ya anga yana uhusiano gani na watu wa Kenya? Nawajibu kwa tarehe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, chombo kidogo kilirushwa angani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Chombo kilikuwa cha Marekani, nacho kilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta miali ya eksirei katika nyota. Msimamizi wa mradi, Bibi Marjorie Townsend, alikiita Uhuru, kwa kuiheshimu siku hiyo na nchi hii.

Uhuru kilitazama, pamoja na vitu vingine, kitu kiitwacho Cygnus X-1. Kilikiona kikimetameta upesi, kwa muda ulio chini ya sekunde 1. Hapa tena tarakimu ilisema. Kitu hakiwezi kumetameta chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko ule ambao nuru hukipita. Na nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi kitu hicho, ingawa miali yake ni ya nguvu mno, hakiwezi kuwa kikubwa kama jua letu, ambalo upana wake ni kilomita milioni 1.4 hivi. Darubini nyingine zikapima nyota inayozungukana nacho, na uzito wake ukaonekana kuwa mara nyingi ya uzito wa jua. Kitu kidogo hivyo, na kizito hivyo, ni shimo jeusi: mahali ambapo mvutano umezidi hata nuru haiwezi kutoka, na ambapo saa ikikaribia ukingo, kwa macho ya aliye mbali, huchelewa hata ikawa kama imesimama. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo ya eksirei, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Haya yalipatikana kwa chombo kilichoondoka katika bahari yetu, karibu na mstari wa Ikweta, chenye jina la lugha yetu. Jiulize, msomaji, kama umewahi kuambiwa habari hii darasani. Ukiwa hujaambiwa, usimlaumu Einstein, wala usimkimbilie mtu wa simu akakupa fahari ya bandia mahali pa fahari ya kweli. Lakini nisiipambe habari hii zaidi ya haki yake. Jukwaa lilikuwa la wengine, chombo cha wengine na hesabu za wengine. Letu lilikuwa bahari na jina. Deni hilo halilipwi kwa kumtukana aliyehesabu. Hulipwa kwa kuhesabu. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani, na Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Hayo ni malipo ya kwanza, na yaliyobaki yako mikononi mwa walio shuleni leo.

Utaniuliza, kuna hatari gani mtu akiamini nadharia batili ya nyota? Nyota hazitamdhuru. Ni kweli, nyota hazina habari naye. Lakini akili ni moja. Atakayezoea kuamini sauti ya yakini isiyo na tarakimu katika habari za nyota, ataiamini katika habari za dawa, na ataiamini katika habari za fedha. Kenya iliona hayo miaka ya 2006 na 2007, vilipozuka vyama vya piramidi vilivyoahidi kuzidisha akiba za watu. Walioahidi walikuwa fasaha, na wengi waliowasikiliza walikuwa watu wema wenye shida. Lau kila mmoja angeuliza fedha hizo zitazaliwa wapi na kwa hesabu gani, akiba nyingi zingesalimika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na akili bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Basi nakupa mizani, ili usitegemee maneno yangu wala ya mwingine. Chukua uzi, ufunge jiwe dogo zito, na uutundike mahali pasipo na upepo, hata urefu kutoka fundo la juu mpaka katikati ya jiwe uwe mita 1 kamili. Livute jiwe kando kidogo tu, uliachie, na uhesabu mara 100 za kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Hapa Nairobi utapata karibu sekunde 201. Gawanya kwa 100 upate muda wa mara moja. Zidisha muda huo kwa wenyewe. Kisha gawanya 39.48 kwa jawabu hilo. Utapata kama 9.77, pungufu kidogo ya ile 9.8 ya vitabuni, kwa sababu mji wetu uko juu na uko karibu na Ikweta. Aliye katika ncha ya kaskazini ya dunia angepata 9.83, na jiwe lake lingemaliza mara 100 nusu sekunde kabla ya lako.

Umepima mvutano wa dunia kwa uzi na jiwe, na hakuna aliyekuuliza unakaa mtaa gani. Kuanzia saa hiyo una haki ya kumwuliza yeyote aletaye nadharia mpya maswali manne. Je, nadharia yako yaipata 9.77 yangu? Yaipata 38 ya setilaiti, na 43 ya Utaridi? Ni wapi inapotofautiana na Einstein, na kwa kiasi gani? Na ni kipimo kipi kitakachokufanya uiache? Akijibu yote manne, mheshimu, hata akiwa kijana wa miaka 16 mwenye daftari lililochanika. Mpeleke kwa mwalimu wa fizikia, na msikilize tena kesho. Asipojibu hata moja, mwage kwa upole na uende zako.

Na ikiwa nadharia hiyo ni yako wewe, usiifiche kwa kuogopa kuchekwa. Vitabu vya hesabu vimo shuleni mwako, na Maktaba ya McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara. Kaa nayo, uihesabu, utafute mwenyewe mahali itakapovunjika kabla ya kutafutiwa na wengine. Kasi ya upanuzi wa ulimwengu yenyewe bado ina ugomvi: kwa njia moja hupatikana 67, kwa njia nyingine 73, na hakuna aliyeweza kuzipatanisha kwa kuridhisha wote. Nafasi ipo. Njoo na tarakimu yako.